Hodi Kabla ya Picha

Kati ya Ziwa Eyasi na Mlima Hanang wanaishi watu ambao lugha zao hazina undugu. Wairaqw, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu, husema lugha ya Kikushi. Wadatoga, na miongoni mwao Wabarbaig, lugha yao ni ya Kiniloti. Wanyaturu na Wanyiramba ni Wabantu. Wahadzabe wana lugha ya vidoko ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu. Ni vigumu kutaja sehemu nyingine ya Afrika yenye mkusanyiko wa namna hiyo katika eneo dogo kiasi hicho. Kwa ajili hiyo nchi ya Mbulu na Hanang, tokea Yaeda Chini mpaka Dirma na Basotu, imewavuta wageni wenye daftari na kamera kwa zaidi ya miaka mia moja. Msafiri Oscar Baumann alipita huko mwaka 1892. Baada yake walikuja maaskari, wapima ardhi, wanasayansi, wamisionari na watalii. Leo wanakuja pia vijana wetu wenyewe, kila mmoja na simu yenye kamera mfukoni.

Makala haya yanakusudia kuhakiki picha za watu zinazopigwa katika nchi kama hiyo, na kumfaa mwanafunzi anayeanza kujifunza sanaa ya picha, pamoja na mwalimu anayemwongoza. Hoja yangu ni moja. Kuna wanaodhani kwamba ufundi wa picha ni jambo moja na adabu yake ni jambo jingine. Kwamba kijana afundishwe kwanza kutumia chombo, kisha, muda ukibaki, asomewe maadili. Mimi naona mambo hayo mawili hayatengani. Picha ya mtu iliyokosa adabu huonyesha kosa lake ndani ya picha yenyewe: katika mwangaza, katika umbali, katika kimo cha kamera, na katika maneno yaliyoandikwa chini yake. Mhakiki mwenye macho hulisoma kosa hilo hata kama hakuwapo picha ilipopigwa.

Tuanze na lugha, kwani ndiyo hazina yetu ya kwanza. Katika Kiswahili picha hupigwa. Kitenzi hicho hicho hutumika tunapopiga ngoma, tunapopiga pasi, na tunapopiga mtu. Aliyepigwa picha huweza kuwa ameheshimiwa au ameumizwa; neno halisemi, mpigaji ndiye anayeamua. Lakini lugha hiyo hiyo inatupa matendo mengine mawili yanayofaa kutangulia. Mtu mstaarabu hupiga hodi kabla ya kuingia nyumbani kwa mwenzake. Na katika makabila mengi ya nchi yetu mtu mwenye malezi hupiga goti mbele ya mkubwa wake. Hodi, goti, kisha picha: kwa maoni yangu huo ndio mtaala mzima, na sehemu inayobaki ya makala haya ni kuufafanua tu.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Walikuwa na maana kwamba huwezi kumzuia mtu asitazame. Lakini hao hao walisema uso umeumbwa na haya. Methali hizi mbili zikiwekwa pamoja zinaeleza shida yote ya mpigapicha. Upande mmoja kuna jicho lisilo na pazia, na kamera ni jicho lenye kumbukumbu. Upande wa pili kuna uso wenye haya, ambao una haki ya kujua unatazamwa na nani, kwa sababu gani, na picha yake itapelekwa wapi.

Historia inatuonyesha kinachotokea jicho linapopewa nguvu zote na uso usipewe kitu. Mwaka 1869 mwanasayansi Mwingereza T. H. Huxley aliomba makoloni yapelekewe maagizo ya kupiga picha za wenyeji wakiwa uchi, wamesimama kando ya kipimo, mara moja kwa mbele na mara moja kwa ubavu. Mwaka huo huo mwenzake, John Lamprey, alipendekeza mtu asimamishwe mbele ya nyuzi zilizotandazwa kwa miraba, ili mwili wake uweze kulinganishwa na mwili wa mwingine kama vile mtu alinganishavyo mbao. Miaka michache baadaye, katika miaka ya 1880, Alphonse Bertillon wa polisi ya Paris alitumia picha ya namna ile ile, ya mbele na ya ubavu, kwa ajili ya wahalifu. Msomaji ayatazame hayo kwa makini. Mtu wa koloni na mshitakiwa wa Paris walisimamishwa kwa namna moja. Hakuna aliyeombwa ruhusa, na kwa hiyo hakuna aliyetarajiwa kuwa na la kusema.

Tukizihakiki picha za aina hiyo kama sanaa tutaona upungufu wake mara moja. Mwangaza ni sawa kila mahali, kwa hiyo uso hauna kina. Macho yanatazama kamera bila kumtazama mtu, kwa maana nyuma ya kamera hakuna mtu aliyejitambulisha. Mikono imeachwa ining'inie, haina kazi. Picha inatueleza urefu wa pua na upana wa mabega, na haituelezi kama huyu alikuwa baba wa watoto, fundi wa mizinga, au mwimbaji. Upungufu huu wa sanaa umezaliwa na upungufu wa adabu. Aliyekuja kupima alipata vipimo, basi.

Jina nalo hupotea kwa njia hiyo. Ludwig Kohl-Larsen, aliyefanya utafiti upande wa Eyasi katika miaka ya 1930, alitoa mwaka 1958 kitabu juu ya Wahadzabe, na katika jina la kitabu hicho amewaita Tindiga, jina walilopewa na majirani. Wadatoga nao wamechapwa mara nyingi chini ya jina la Mang'ati, ambalo asili yake ni Kimaasai na maana yake ni maadui. Fikiri, ndugu msomaji, picha ya bibi yako ikichapishwa, na chini yake yakaandikwa maneno "mwanamke adui". Kosa hilo halisahihishwi na lenzi ya bei yoyote.

Isidhaniwe kwamba kamera ilikuja Afrika Mashariki ikiwa na mwendo huo mmoja tu. Mjini Zanzibar palikuwa na maduka ya picha tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua hapo Capital Art Studio. Katika duka la picha mambo hugeuka. Mteja huja kwa miguu yake, amevaa nguo aliyoichagua mwenyewe, amechana nywele zake, na ameleta mwanawe au rafiki yake. Huketi anavyopenda, na fundi humshauri ainue kidevu au ageuze bega. Kisha hulipa, na picha ni yake. Huipeleka nyumbani ikatundikwa ukutani. Wako wahakiki wanaozidharau picha hizo kwa sababu ya mapazia yaliyochorwa na maua ya karatasi. Mimi nazitetea. Pazia ni la kuchora, lakini makubaliano ni ya kweli, na uso wa mtu aliyekubali hujulikana. Fundi wa duka la picha alifuata adabu bila kuhubiriwa, kwa sababu asingemheshimu mteja asingepata mteja wa pili.

Baada ya Uhuru sisi wenyewe tulikabiliwa na swali hili, na hatukulijibu vizuri kila mara. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwa nia ya kuturudishia fahari ya mambo yetu. Lakini haikupita miaka mingi, kati ya 1967 na 1968, katika Mkoa wa Arusha, ambao wakati ule ulikuwa na nchi ya Mbulu na Hanang pia, ikaendeshwa kampeni ya kuwataka Wamaasai waache mavazi yao ya asili na kuvaa nguo zilizoitwa za kisasa. Heshima ya taifa ilikuwa miongoni mwa hoja zake. Nia ya viongozi waliotaka watu wetu wasidharauliwe ilikuwa njema. Hata hivyo hukumu iliangukia mahali pasipostahili. Tulipoona aibu ya kutazamwa, tulilaumu vazi, hatukumlaumu mtazamaji. Dawa ilikuwa kumfundisha mwenye kamera abishe hodi, na hilo bado ni jukumu la shule zetu.

Sasa tuingie katika ufundi, na tuuchukulie mfano wa Dirma, wilayani Hanang. Mwanafunzi anataka kupiga picha ya bibi wa Kidatoga aliyevaa vazi la ngozi lenye vishada, mwenye bangili za shaba na makovu ya mapambo yanayozunguka macho. Au anataka kumpiga picha mzee wa Kiiraqw aliyejifunika blanketi, na fimbo yake mkononi. Afanye nini?

La kwanza ni hodi. Asalimu kama anavyosalimia siku zote, "Shikamoo, bibi", "Shikamoo, babu", na amtafute mtu wa kumfasiria ikiwa mkubwa huyo hasemi Kiswahili. Aeleze jina lake, anasoma wapi, na picha ataifanyia nini. Kama ni ya kutundikwa darasani, aseme hivyo. Kama ataituma kwa watu wengi, aseme hivyo pia, kwa kuwa aliyekubali picha ya ukutani hakukubali picha ya dunia nzima. Akikataliwa, ashukuru na aondoke. Hodi yenye maana ni ile inayoweza kujibiwa kwa kukataa. Kwa mtoto mdogo, aombwe mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe aulizwe.

Ama kuhusu malipo, nisingependa tuwe wepesi wa kulaani. Wako akina mama wa Kidatoga na mafundi wao wa chuma upande wa Eyasi ambao hupata riziki kwa kuwapokea watalii. Hiyo ni kazi, na kazi ina ujira. Kinachoharibu picha ni haraka ya mlipaji, anayefikiri kwamba noti imemaliza mazungumzo. Ndipo tunapopata zile picha za kadi tulizozizoea: kamera imesogezwa mpaka usoni, mapambo yanaonekana kovu kwa kovu, na mwenye mapambo haonekani.

La pili ni goti. Wazee wengi utawakuta wameketi, juu ya kigoda au jiwe au gogo. Mpigapicha akisimama, kamera humtazama mzee kutoka juu. Paji la uso hukua, mwili hupungua, na mkubwa hugeuka kuwa mtoto. Piga goti mpaka lenzi ilingane na macho yake. Kwa kupiga goti umefanya mambo mawili kwa tendo moja: umetoa heshima, na umesahihisha umbo.

Na umbali vilevile. Lenzi fupi, kama ile iliyo katika simu nyingi, ikisogezwa karibu sana huikuza pua na kuyasukuma masikio nyuma. Uso wa mtu yeyote ukipigwa hivyo huwa kichekesho. Rudi nyuma hatua mbili au tatu, kiasi cha meta moja na nusu au mbili, ambacho ndicho kiasi cha watu wawili wanaozungumza kwa adabu. Wenye kamera za lenzi za kubadilisha hupendelea lenzi ya milimeta 85 hadi 105 kwa filamu ya milimeta 35, kwa sababu hiyo hiyo. Usimsogelee mtu kwa kamera kuliko unavyoweza kumsogelea kwa mwili.

La tatu ni mwangaza. Katika nyanda hizi za juu jua la mchana ni kali. Saa sita miale hutoka utosini, macho yakazama katika vivuli viwili vyeusi, na mtu mpole akaonekana mkali. Tumia saa za asubuhi au jioni. Ikiwa huna budi kupiga mchana, mwombe mwenyeji akae mlangoni pa nyumba yake au chini ya mti, uso umeelekea uwanja ulio wazi. Hapo mwangaza huja laini kutoka upande mmoja, na kina cha uso huonekana.

Kuna jambo la ngozi ambalo mwanafunzi wa Kiafrika hana budi kulijua. Kipimamwanga cha kamera hakijui uso; huhesabu wastani wa vyote kinavyoviona. Mtu mweusi akisimama mbele ya mbingu nyeupe, kamera huipima mbingu, na uso huwa doa. Basi pima uso wenyewe. Katika simu, gusa uso juu ya kioo. Chagua nyuma yake ukuta wa udongo au majani badala ya mbingu. Upungufu wa chombo una historia yake. Kwa miaka mingi tangu miaka ya 1950 maabara za Kodak zilipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi nyingine zikaachwa zijitegemee. Tena, mwaka 1970 wafanyakazi wawili Weusi wa kampuni ya Polaroid nchini Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba vifaa vya kampuni yao vilitumika kutengenezea picha za vitambulisho vya kubana Waafrika wa Afrika Kusini. Wakaanzisha mgomo, na mwaka 1977 kampuni ikaondoka huko. Kwa hiyo anayesema kwamba kamera ni chombo tu, hakina upande, asome mambo hayo mawili kwanza. Na wewe, mwanafunzi, jihadhari na programu za simu zinazong'arisha ngozi. Kumpiga mtu picha kisha kumbadilisha rangi ni kumwambia kwamba hukumtaka alivyo.

Pingamizi liko, nami nalikubali kwamba ni zito. Itasemwa: ukiomba ruhusa, mtu hujiweka sawa, na ukweli hukimbia. Jibu langu ni subira. Omba ruhusa, kisha ukae. Saidia kuchota maji, sikiliza habari. Baada ya saa moja mwenyeji atakuwa ameizoea kamera, na ukweli utakaoupata ni wa mtu aliyekuamini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wakati wa maafa nani atapiga hodi? Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam na kuanzia kazi hapo, mwaka 1984 alipiga picha za njaa ya Ethiopia ambazo ziliiamsha dunia, na misaada mingi ikatolewa. Angesubiri ruhusa ya kila mmoja, dunia ingechelewa kujua. Hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba baada ya hapo wengi wa ng'ambo walizoea kuiona Afrika nzima kupitia uso wa mtoto mwenye njaa asiye na jina.

Nasi tumepata mtihani wetu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Katika msiba kama huo picha ya barabara iliyofukiwa, ya nyumba iliyobomoka, na ya majirani wakichimba kwa majembe ina kazi: inalijulisha taifa ukubwa wa hasara na mahali pa kupeleka msaada. Picha ya uso wa marehemu, au ya mama aliyevuliwa stara na maji, haina kazi hiyo. Haiongezi blanketi hata moja. Kipimo ninachompa mwanafunzi ni hiki: kabla ya kubonyeza, na tena kabla ya kutuma, ajiulize kama angeithubutu picha hiyo mbele ya mwenyewe akiwa mzima, au mbele ya watoto wake. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inaheshimu faragha ya mtu na ya familia yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka masharti juu ya taarifa za mtu. Lakini sheria hufika baada ya picha kusambaa. Malezi hufika kabla.

Limebaki neno juu ya maelezo yanayoandikwa chini ya picha, na hapa nasema kama mtumishi wa serikali ambaye mafaili ya picha yamepita mengi mezani pake. Tumezoea kuandika jina na cheo cha kiongozi, halafu tukaongeza: "pamoja na baadhi ya wananchi". Mzee aliyetoa ng'ombe wake, mama aliyepika, fundi aliyejenga darasa, wote wamekuwa "baadhi". Tunawalaumu wageni kwa kuandika "mwanamke Mang'ati", na sisi tumewaandikia wenzetu neno lisilo na hata kabila. Mahali penye watu wachache hakuna sababu ya kutouliza majina. Aliyeridhia jina lake litajwe, liandikwe kwa herufi anazozikubali mwenyewe, asiyeridhia, tumstahi.

Nimejaribu kuyakusanya mafunzo hayo katika ubeti mmoja, ili mwalimu aweze kuwakaririsha wanafunzi wake:

Picha si kunyakuliwa, picha huombwa mwenyewe,
Uso hutanguliziwa salamu, ndipo upewe,
Jina ukishaambiwa, lisipotee, lijuwe,
Mlango ukifungiwa, shukuru, usichukuwe.

Ningependekeza kwa walimu wa sanaa, wa Kiswahili na wa uraia washirikiane katika zoezi moja kwa muhula. Kila mwanafunzi apige picha moja tu ya mkubwa wa mtaa au kijiji chake. Alete pamoja nayo jina la mkubwa huyo, maneno machache aliyoambiwa naye, na maelezo ya jinsi alivyoomba ruhusa. Darasa liihakiki: kamera ilikuwa kimo gani, mwangaza ulitoka wapi, macho yanamtazama nani. Kisha picha isafishwe nakala mbili. Nakala moja ibaki shuleni. Ya pili mwanafunzi aipeleke kwa mwenye uso, amkabidhi kwa mikono miwili, na ayaandike atakayosema mzee huyo juu ya picha yake. Maneno hayo yasomwe darasani kabla mwalimu hajatoa alama, maana huyo ndiye mhakiki wa kwanza wa kazi hiyo.